Msiba Utaanza Alhamisi

Nguo ile nyekundu ilikuwa na vifungo thelathini na viwili mgongoni, na hakuna hata kimoja kilichofunga kitu. Vilikuwa vya pambo tu. Bibi wa Kiingereza wa enzi za Malkia Victoria, aliniambia Papa Donatien, mwandaaji wa mchezo wetu wa kuigiza, lazima awe na vifungo vingi kuliko akili. Nami, fundi niliyezoea kufupisha suruali na kubadilisha zipu, sikuona sababu ya kuhangaika na matundu thelathini na mawili. Siku ya mchezo nilimshonea jirani yangu Rukiya nguo ile mwilini mwake, kwa sindano ya mkono, toka kiunoni mpaka shingoni. Kumtoa ilikuwa lazima kukata uzi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma, na sipendi kuzungukazunguka.

Naitwa Lucienne. Nilizaliwa Lubumbashi, nikaja Brussels mwaka 1981 na mume ambaye sitamtaja tena katika hadithi hii. Cherehani yangu iko dirishani, chini kabisa ya nyumba ya ghorofa nne pale Saint-Josse, na watu wa mtaa husema nina mdomo. Sikatai. Lakini mdomo huo niliufunga siku mbili nzima mbele ya mtu aliyekuwa na haki ya kuambiwa kuliko wote, na mpaka leo sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe.

Rukiya alikaa ghorofa ya tatu. Alikuwa mtu wa Buyenzi, Bujumbura, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mcheshi, hodari wa kuiga sauti za watu. Alikuja peke yake mwishoni mwa 1993, baada ya mambo ya kwao kuharibika na vita kuanza. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali kule Woluwe. Kwao aliandika tu kwamba anafanya kazi hospitalini, hakuongeza neno. Sote tuliandika hivyo. Mpaka leo dada zangu wanaamini nina kiwanda cha nguo.

Mume wake, Yusufu, alikuwa fundi redio. Yeye alibaki nyuma kumwuguza mama yake. Mama alipofariki, Rukiya akaanza kuhangaikia karatasi za kumleta mumewe, mwaka mzima wa foleni na mihuri, na Februari ya 1995 jibu likatoka kwamba aje. Angefika baada ya Pasaka. Rukiya akaenda soko la Jumapili la Gare du Midi akamnunulia koti la sufu, zito, rangi ya kahawa, akaniletea nifupishe mikono.

"Yusufu ana mikono mifupi," aliniambia, akicheka. "Lakini inafika popote anapotaka."

Koti lile nililifupisha mikono nikalitundika ukutani kwangu. Bado liko.

Rukiya hakuwa na simu. Kila Ijumaa Yusufu alipiga kwangu saa kumi, na kila Ijumaa saa kumi kasorobo Rukiya alikuwa ameshakaa kwenye kigoda kando ya simu, amejipaka mafuta, amefunga kilemba kizuri, kana kwamba waya ule una macho. Mimi niliendelea kukanyaga cherehani ili nisisikie, na nilisikia kila kitu.

Sasa mchezo. Ofisi ya mtaa ilitupatia ukumbi kwa alasiri moja ya utamaduni, wakaomba tuwachezee ngoma. Papa Donatien alikasirika. Huyu alikuwa mwalimu wa fasihi kwenye lycée moja kule Lubumbashi, mtu wa miwani na tai, ambaye hapa alikuwa akipanga vifurushi katika ghala. "Kila mwaka tunabachezea ngoma, banapiga picha," alisema, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kinachosema ba mahali pa wa. "Mwaka huu tutabacheka." Akatoa sandukuni komedi moja ya Kiingereza ya miaka mia iliyopita, ambayo mwandishi wake hakuna anayemkumbuka, akaitafsiri yote kwa Kiswahili katika daftari tatu. Akaiita *Mume wa Bibi Fahari*.

Hadithi yake ni hii. Bibi Fahari hana mume, na mwanamke asiye na mume haalikwi chai na wakubwa. Basi amejibunia mume, kanali aliyeko India, na kwa miaka kumi na miwili amekuwa akijiandikia barua mwenyewe na kuwasomea wageni. Ghafla anachumbiwa na tajiri, Bwana Heshima, kwa hiyo yule kanali inabidi afe. Bibi anajipelekea simu ya maandishi kwamba mumewe ameliwa na chui. Kumbe London nzima inajua toka zamani kwamba kanali hajapata kuwepo. Wote wanakuja kumpa pole na nyuso za huzuni, na hakuna anayethubutu kusema, kwa sababu kusema si adabu.

Tulifanya mazoezi kwangu, Jumapili kwa Jumapili, katikati ya vitambaa. Papa Donatien hakutuacha tuseme neno moja kabla ya kutueleza limejengwaje. Majina ya watu yaliyobeba tabia zao aliyaita majazi. Chui aliyemla kanali na farasi wake na kofia yake, hiyo ilikuwa chuku. Maneno haya aliyapata katika kitabu cha shule cha Nairobi alichokiokota sokoni kwa faranga mia, na aliyatamka kama padri anayegawa komunyo.

Lakini alilolipenda kuliko yote lilikuwa kinaya.

"Bon, musikilize," alisema. "Huyu mwandishi habatukane bakubwa. Anabaacha banasema beye benyewe, na ukumbi unasikia bujinga yabo. Hiyo njo kinaya. Na kuko kinaya ingine, ya jukwaani. Ukumbi unajua jambo, batu bote banajua, lakini muntu mwenye iko pale mbele hajue. Kicheko kinatoka mule."

"Na akijua?" Rukiya aliuliza. Yeye ndiye alikuwa Bibi Fahari.

"Akijua, mama, tunafunga pazia."

Mimi nilipewa nafasi ndogo, ya fundi nguo, kwa kuwa Papa Donatien alisema nisiigize, nishone tu. Katika tendo la pili Bibi Fahari amevaa nyekundu kwa ajili ya karamu, na fundi amepiga magoti sakafuni akimpimia pindo, pini mdomoni. Simu ya kifo inaletwa. Bibi anaisoma, anaikunja, anajiangalia kwenye kioo, halafu anasema: "Msiba utaanza Alhamisi. Nguo yangu nyeusi bado iko kwa fundi, na mwanamke wa heshima halii kwa nyekundu." Fundi anaitika: "Alhamisi, Bibi, bila kukosa." Naye Bibi anamalizia: "Basi mpaka Alhamisi marehemu ni mzima."

Rukiya alikuwa na namna ya kuisema ile sentensi ya mwisho, shingo imenyooka, jicho moja kwenye kioo, ambayo ilituangusha kila mara. Antoine, aliyekuwa Bwana Heshima, alitoka nje kumalizia kicheko. Mimi pini zilinidondoka. Rukiya alisema mambo ya kwao yangekuwa mchezo kama huu, angecheka mpaka azeeke. Binamu wa Antoine alikuwa na kamera ya video, na Rukiya alitaka achukue kila kitu, ili Yusufu akifika amkute mkewe kwenye televisheni amevaa kama malkia.

Mchezo ulipangwa Jumapili ya mwisho ya Machi, saa tisa alasiri. Ijumaa iliyotangulia simu yangu ililia saa nane na nusu. Nikajua si Yusufu, maana Yusufu ni mtu wa saa kumi.

"Maman Lucienne? Ni Jamal, mudogo wake Yusufu. Rukiya iko hapo?"

"Hapana. Iko ku kazi."

"Basi ukae, maman."

Nilikuwa nimekaa. Nikasimama.

Alisema wamempiga risasi kakaye alfajiri, akitoka kusali. Mtaa ulikuwa umezungukwa na askari. Walimzika mchana huohuo kwa haraka, watu kumi na wawili tu, kwa sababu wengine walikuwa wamekimbia. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. Halafu akasema, "Usimwambie peke yako, maman. Mungoje mukubwa. Mumwite tonton Waziri." Na laini ikakatika, au aliikata.

Rukiya alifika saa kumi kasorobo, amejipaka mafuta. Akakaa kwenye kigoda. Alikuwa na mkate mkononi, anamega huku akirudia maneno ya Bibi Fahari kwa sauti ya chini. Saa kumi ikapita, na saa kumi na moja. Mimi nilikuwa nimeinamia mashine, nashona kitambaa kisicho na kitu, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Leo amenisahau," akasema.

"Labda laini zimekatwa," nikasema. "Kule banakata kila siku."

"Eh, kweli." Akanyanyuka, akafuta makombo. "Atapiga kesho. Akipiga, muniite hata kama naoga."

Nikasema ndiyo. Ule ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka kwa urahisi kiasi cha kunitisha.

Jumamosi asubuhi, Rukiya akiwa kazini, tulikutana kwangu watu watatu: mimi, Papa Donatien, na Maman Mwanvua. Maman Mwanvua alikuwa mkubwa wa Waislamu wa Bujumbura pale mtaani. Ndiye aliyeosha maiti wao wa kike, ndiye aliyepatanisha waliogombana, na akisema kaa, unakaa. Tonton Waziri, ami yake Yusufu, alikuwa Lille, Ufaransa, na ndiye ndugu pekee wa kiume upande huu wa dunia. Alikuwa ameshaambiwa. Kazi yake haikumruhusu kuondoka kabla ya Jumapili mchana. Treni yake ingefika stesheni ya Midi saa kumi.

Habari ya kifo, kwetu Katanga na kwao Burundi, haitupwi kwa mtu kama gazeti. Inangojwa. Wakubwa wanakusanyika, wanawake wanakaa karibu, mtu wa damu ndiye anayefungua kinywa, na mfiwa akianguka anaangukia mikononi. Tena kwa Rukiya tulikuwa na sababu. Baba yake alipofariki aliambiwa kwa simu, peke yake, kwenye korido ya nyumba ya wakimbizi. Alitoka mbio barabarani bila viatu, na tramu ilisimama hatua mbili kutoka kwake.

"Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia," alisema Maman Mwanvua. "Sisi wa mbali hatuwezi kulia kabla yake. Tungoje mukubwa afike."

"Alors, na mchezo?" nikauliza.

Papa Donatien alikuwa anaifuta miwani. "Kama tunafunga mchezo, atauliza sababu," akasema. "Tutamujibu nini? Bon. Tucheze. Tutamaliza saa kumi na nusu, tonton atakuwa iko pale, batu bote batakuwa pale. Ukumbi yenyewe itakuwa ya msiba. Tutamwambia na familia nzima."

Lilisikika kama jambo la busara. Nalirudia leo na bado linasikika hivyo, ndiyo maana siamini tena busara inayokuja haraka. Maana Papa Donatien alikuwa amengoja miaka kumi na minne asimame tena mbele ya watu kama mwalimu, na mimi, kwenye sanamu la kupimia nguo, nilikuwa na ile nyekundu, nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, imebaki mkono wa kushoto tu. Tulitaja desturi. Desturi ilikuwepo kweli. Lakini nusu ya kile tulichokiita desturi ilikuwa hamu yetu ya kuonekana.

Maman Mwanvua aliitazama nguo ile. "Mwanamke aliyefiwa na mume, kwetu, anakaa eda," akasema. "Miezi minne na siku kumi, inahesabiwa toka siku mume alipokufa. Hapambwi. Wanja hapana, manukato hapana, nguo ya kung'aa hapana."

"Donc kesho?"

Alivuta punje moja ya tasbihi yake. "Asiyejua hana dhambi," akasema mwisho. "Sisi tunaojua, tutajibu sisi."

Koti la Yusufu lilikuwa limetundikwa juu ya kichwa chake wakati anasema. Walipoondoka nilikaa, nikakata mkono wa kushoto wa nguo nyekundu, nikaushona. Nilijiambia mikono yangu inahitaji kazi. Ulitoka vizuri, bila kasoro, bega limekaa kama nguo imezaliwa nalo.

Jumapili ukumbi ulijaa kupita kiasi. Maman Mwanvua alikuwa ametuma habari nyumba kwa nyumba, na katika jamii yetu msiba hauhitaji bango. Walikuja watu ambao maisha yao yote hawajakanyaga ukumbi wa michezo. Walikuja wazee wa msikitini. Walikuja wanawake wenye vitenge vya ziada vimekunjwa ndani ya mifuko, tayari kujifunga kiunoni saa ikifika. Jikoni nyuma ya ukumbi palikuwa na masufuria ya wali na maharage, na chupa za chai ishirini. Rukiya alifunua sufuria moja akashangaa.

"Ni harusi?" akaniuliza.

"Ni ya kisha mchezo," nikasema. "Batu banakupenda."

Nikamwingiza ndani ya nguo, nikapitisha uzi, nikamshona. Alikuwa amesimama wima, mikono imeshika meza, anaimba kidogo puani. Alikuwa amejipaka wanja. Alinukia maua. Akaniuliza kama Yusufu alipiga jana, nikasema bado laini. Sindano ikanichoma kidole, nikaifuta damu kwenye kitambaa chekundu, na haikuonekana.

Maman Mwanvua aliwaagiza watu kwamba Rukiya asishtuke. Wacheke, aliwaambia, kama watu wanaotazama kichekesho. Basi wakacheka. Mungu anisamehe, katika maisha yangu sijasikia kicheko kibaya kama kile. Walicheka Antoine alipovuta kiti. Walicheka pazia lilipokwama. Bibi Fahari alisema "Habari za asubuhi," na watu mia wakacheka kwa pamoja, halafu wakanyamaza kwa pamoja. Wazungu watano wa ofisi ya mtaa waliokaa mstari wa mbele, wasiojua neno la Kiswahili, walitazamana, wakaanza nao kucheka kwa adabu. Nyuma ya pazia Papa Donatien alikuwa ameshika daftari lake, na midomo yake ilikuwa nyeupe.

Mwisho wa tendo la kwanza Rukiya alikuja kwangu anapumua haraka, macho yanang'aa.

"Leo wananipenda, maman," akasema. "Umesikia? Hata mahali hakuna kitu, wanacheka."

Nilipaswa kumwambia pale. Kulikuwa na dakika tano, kulikuwa na kiti, kulikuwa na mikono yangu. Nikamwambia akae wima nimrekebishe kola.

Tendo la pili. Nikapiga magoti miguuni pake, pini mdomoni, pindo la nguo mkononi. Kutoka pale chini niliona viatu vyake vya kukodi na sehemu ya ukumbi. Simu ya maandishi ikaletwa kwenye sinia. Rukiya akaisoma, akaikunja, akainua shingo, akajitazama kwenye kioo.

"Msiba utaanza Alhamisi," akasema. "Nguo yangu nyeusi bado iko kwa fundi, na mwanamke wa heshima halii kwa nyekundu."

Hakuna aliyecheka. Watu mia waliokuwa wamecheka pazia na kiti hawakuweza kucheka hapo. Palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kamera ya binamu wa Antoine ikizunguka. Kisha nyuma kabisa mwanamke mmoja akavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayejizuia kitu, na mwingine akamwambia sss.

Papa Donatien alitufundisha kwamba ukumbi usipocheka, usiogope, hesabu hadi tatu, mwenzako ataokoa. Aliyepaswa kuokoa nilikuwa mimi. *Alhamisi, Bibi, bila kukosa.* Maneno manne. Nilitoa pini mdomoni ili niyaseme. Nikafungua mdomo wangu huu mkubwa, na hayakutoka.

Rukiya akasubiri. Nikalishika tu pindo la nguo. Halafu, kwa sababu alikuwa mwigizaji mzuri kuliko sisi sote, alirudia ile sentensi, polepole, kwa sauti ya juu kidogo, na safari hii hakutazama kioo. Alitazama ukumbi. Aliwaona wazee wa msikitini. Aliwaona wanawake na vitenge vyao magotini. Nadhani alimwona Maman Mwanvua, aliyekuwa mstari wa pili, machozi yanamtiririka bila sauti, maana mkubwa naye ni mtu. Kisha akanitazama mimi, chini pale.

"Maman Lucienne," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ya ghorofa ya tatu. "Ijumaa nani alipiga simu?"

Nilikuwa nimepiga magoti.

"Jamal," nikasema.

Hakuuliza lingine. Mdogo hapigi simu mahali pa mkubwa kama mkubwa yupo. Akasimama vilevile, shingo imenyooka. Ukumbi ulikuwa bado unangoja, kwa kuwa wa mbali hawawezi kuanza, na yeye hakuanza. Kisha akainua mikono miwili akaanza kufuta wanja, kwa viganja, kwa nguvu, mashavu yote yakawa meusi, na hapo sauti ikamtoka, na ukumbi mzima ukaipokea. Wazungu wa mstari wa mbele walisimama. Mmoja alianza kupiga makofi, akaacha.

Maman Mwanvua alipanda jukwaani akamfunika kichwa kwa mtandio mweupe. Tukampeleka chumba cha nyuma. Tonton Waziri alifika saa kumi na moja kasorobo, na begi mkononi na maneno aliyoyapanga njia nzima ndani ya treni, akakuta hakuna tena wa kuambiwa. Alikaa kwenye kiti cha Bwana Heshima, akavua kofia. Papa Donatien alikuwa ameketi kwenye ngazi za jukwaa. Alikuwa amezivunja daftari zake katikati, zote tatu, si kwa hasira, kwa kuzikunja tu mikononi bila kujua. Hakuandaa mchezo tena.

"Nivueni hii," Rukiya alikuwa anasema. "Nivueni nguo hii."

Lakini haikuvulika. Maman Mwanvua alivuta vifungo, kifungo baada ya kifungo, na vikamtoka mkononi kimoja kimoja, na nguo haikufunguka. Ikabidi niitwe mimi. Nikaingia na mkasi. Rukiya aliposikia hatua zangu alinipa mgongo, akashika meza kama alivyoishika nilipokuwa ninamshona. Nikaanza shingoni, nikikata uzi mmoja mmoja, maana mshono ulikuwa imara na ngozi yake ilikuwa chini yake tu.

Alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anautazama mkono wa kushoto wa nguo.

"Huu mukono," akasema. "Alhamisi nilipojaribu nguo, haukuwepo."

"Ndiyo."

"Uliushona siku gani?"

Uongo ulikuwa karibu, nilikuwa nimeuzoea sasa. Ningesema Alhamisi usiku. Asingejua kamwe.

"Jana asubuhi," nikasema.

Maman Mwanvua alikaa kitako kwenye kona, akaweka mkono mdomoni. Rukiya alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu siku.

"Donc weye uko msibani toka Ijumaa," akasema. "Miye ndiye mfiwa, na hukuniita."

Nikaendelea kukata. Nilikuwa nimefika katikati ya mgongo, na uzi ulikuwa bado mrefu mpaka kiunoni.